Kimya cha Upande wa Kushoto

Kila asubuhi nasoma kitabu kwenye tramu ya Tampere bila kumtazama mtu. Leo nilikatizwa: dada mmoja alimsemesha kijana asiyemjua, jambo ambalo Ufini ni karibu sawa na ajali.

"Amplifaya yote hiyo ya nini, kaka? Unataka kubomoa nyumba?"

Kijana alilikumbatia boksi lake la amplifaya. "Hedifoni zangu hazitoi sauti kushoto. Kwenye gemu, adui akitokea huko nimekwisha. Hata muziki umebaki nusu."

"Zivae kinyume basi. Kimya kikihamia kulia, hedifoni ndizo mbovu."

Hakuzigusa hedifoni zilizokuwa shingoni mwake. Nikafunga kitabu.

"Jaribu, haziumi!"

Tramu ikasimama. "Nilishajaribu, dada," alisema. "Hakikuhama. Ni sikio langu."