Gitaa la Kumpa Mpwa

Mkunga alikuwa anatoka zamu, kichwa kimeegemea dirisha la treni ya asubuhi, nusu yake behewani, nusu imeshafika kitandani. Mbele yake fundi cherehani, mwanamke mwenye mwavuli mapajani, alikuwa akimlalamikia fundi rangi aliyekutana naye humo humo: "Gitaa nimeliacha, kaka. Miezi minne! Nikihamisha vidole kutoka mkao mmoja kwenda mwingine, vinagombana kama wake wenza. Jumapili nampa mpwa wangu."

"Ulianza vibaya, dada. Mimi nilianza na nadharia. Mwaka mzima nasoma noti. Ngazi za muziki nazijua kuliko hii ninayopandia ukutani."

"Na unapiga nyimbo gani?"

"Gitaa bado sijanunua."

Mkunga aliuma mdomo asicheke. Wanaume wanaofundisha kuzaa anawajua.

"Sasa hamu unaitoa wapi?" aliuliza fundi cherehani.

"Nalisikia kichwani. Huko halikosei kabisa."

"Langu hukosea kila jioni."

"Basi wewe unalo," alisema fundi rangi polepole.

Magurudumu yaliimba, mapaa ya nyumba yakapita kama usingizini, na mkunga akaona vidole vya kushoto vya yule mama vikihama juu ya mpini wa mwavuli: mkao wa kwanza, wa pili, tena wa kwanza, bila ugomvi wowote.

Treni ikasimama. "Jumapili nampa, naapa," alisema mama, akashuka.

Mkunga alifumba macho, akatabasamu. Wodini kwake, wanaoapa katikati ya uchungu kwamba hawarudi tena ndio hao hao anaowapokea mwaka unaofuata.