Magunia Arobaini na Kufuli Lisiloguswa

Kijiwe chetu kiko kwenye njia ya Kivukoni, ubavuni mwa fundi baiskeli: ubao mmoja juu ya matofali, birika la kahawa, na watu wanaojua kila kitu. Kwa siku kumi na moja Fridolin, anayefanya mazingaombwe mashuleni, na rafiki yake Mayunga walikuwa wakitusomea hadithi ya upelelezi waliyoiandika kwa zamu, sura huyu, sura yule. Magunia arobaini ya mpunga wa mkulima mmoja yametoweka ghalani kule Katindiuka, na kufuli halijaguswa. Leo ilikuwa sura ya mwisho, zamu ya Fridolin. Akasoma: “Mpelelezi akatabasamu, akaenda zake.” Akafunga daftari.

— Magunia yalitokaje? akauliza Mayunga.

— Hilo siwezi kusema. Ni mchezo wangu wa kutowesha vitu sandukuni, ila mkubwa. Niliapa mbele ya mzee aliyenifundisha.

— Sasa ulianzaje kuiandika?

— Niliapa nisifichue. Kuanza sikukatazwa.

— Fridolin, miaka sita tunaandika pamoja! Nimeacha palizi kwa ajili ya daftari hili. Usipoandika yalivyotoka, mimi na wewe basi.

Akahamia mwisho kabisa wa ubao. Fridolin akabaki na daftari mapajani, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Wakili, ambaye sheria hajaisoma hata siku moja, akaingilia.

— Jamani, mbona rahisi? Panya!

— Panya wamalize magunia arobaini? akauliza Mayunga.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Acha hizo, akasema Injinia, fundi baiskeli wetu. Ghala ndilo lililohamishwa. Wakajenga jingine palepale, tupu, wakalifunga kwa kufuli lilelile.

— Kwa siku moja? akauliza Wakili.

— Umoja ni nguvu, ndugu yangu.

— Basi mpunga wenyewe ulikuwa haujavunwa! akapaza sauti Wakili. Mkulima aliota. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu!

— Methali hiyo imeingiaje hapo? akafoka Mayunga.

— Kama magunia yalivyotoka.

Mayunga akashika kichwa kwa mikono miwili.

Ndipo akafika dada mmoja akikokota baiskeli yenye pancha. Akasema anaitwa Siwema, anatoka Mngeta.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Injinia akabandika kiraka huku wakibishana upya kuhusu panya. Siwema akasikiliza hadi kikombe cha kahawa alichomiminiwa kikaisha.

— Samahani, wazee wangu. Huyo mwenye mpunga alikuwa na watoto?

— Mwenye mpunga yupi? akauliza Wakili.

— Si huyo aliyeibiwa? Walikula nini mpaka msimu mwingine?

Wakili akajimiminia kahawa. Injinia akaanza kukaza nati ambayo haikuwa imelegea.

— Tulimtaja sura ipi? akauliza Mayunga taratibu.

— Ya kwanza, akajibu Fridolin. Mstari mmoja tu.

— Jina lake?

— Hatukumpa.

Mayunga akarudi, akakaa bega kwa bega na mwenzake.

— Basi magunia yalivyotoka yabaki siri yako, ila mpelelezi hawezi kwenda zake.

— Hawezi. Ataanzia jikoni kwa huyo mtu.

— Kalamu unayo?

— Ninayo. Andika wewe, nami nitakushikia daftari.