Mwite Kiyono

MIKAKO: Haloo, nyumba ya wageni ya kina Iwase, Tsumago. Nani mwenzangu?

TSUNEO: Dada, ni mimi. Tsuneo.

MIKAKO: Salamu huna?

TSUNEO: Shikamoo, dada.

MIKAKO: Marahaba. Mko wapi nyie? Maji ya kuoga yamechemka, wali uko tayari, wageni hata harufu yao siisikii. Hiyo barabara ya zamani leo mnaitembea au mnaifagia?

TSUNEO: Wageni wanakuja. Dada... Mama yuko hapo?

MIKAKO: Mama yuko na wewe.

TSUNEO: [mikwaruzo] ...nilidhani labda katangulia—

MIKAKO: Tsuneo. Mama yuko na wewe. Asubuhi nimekukataza, nimesema mwache mama leo. Ukasema wageni wanapenda hadithi zake za farasi wa mizigo. Ukamvalisha koti, ukaondoka naye. Sasa unaniuliza mimi?

TSUNEO: Usinipigie kelele, nisikilize. Tulipumzika pale kwenye kibanda cha chai, ukishavuka kilele cha Magome. Wakati wa kuondoka nikamuuliza, mama, twende? Akasema, haina neno. Nikajua anakuja nyuma taratibu, kama kawaida yake. Tumefika kwenye maporomoko ya maji, nawahesabu watu... hayupo.

MIKAKO: Mungu wangu.

TSUNEO: Wageni nimewaambia wafuate njia ya mawe mpaka kwako. Mimi nimerudi mbio. Mzee wa chai anasema alimwona akitoka, anacheka peke yake.

MIKAKO: "Haina neno"! Na wewe ukaridhika? Mama hata nyumba ikiungua atasema haina neno!

TSUNEO: Najua—

MIKAKO: Hujui! Kengele yake je? Huisikii ikilia huko?

TSUNEO: Kengele...

MIKAKO: Kengele ya kufukuzia dubu, Tsuneo, iko wapi?

TSUNEO: Alimpa mgeni. Yule mama wa Osaka alikuwa anaogopa, basi mama akaifungua kiunoni akamfungia yeye.

MIKAKO: Jana tu wamemwona dubu na mwanawe kwenye kinu cha maji.

TSUNEO: Unadhani sijui? Ndiyo maana napiga kila kengele ya njiani ninayopita. Mkono umeniuma. Na mvua hii nayo—

MIKAKO: Hata huku inanyesha. Haya, kata simu, nawapigia ofisi ya kijiji watangaze kwenye kipaza sauti.

TSUNEO: Usitangaze!

MIKAKO: Unasemaje?

TSUNEO: Ngoja kwanza, dada, nakuomba. Nipe nafasi nimtafute. Wakitangaza, kijiji kizima kitajua.

MIKAKO: Kitajua nini?

TSUNEO: Unajua nini.

MIKAKO: Hebu sema. Tangu mwaka jana hatujasema, leo sema.

TSUNEO: ...Kwamba mama anasahau.

MIKAKO: Mama anasahau. Ehe. Hukufa, umeona?

TSUNEO: Watu watamwangalia vile wanavyomwangalia yule bibi wa duka la vitana. Wanampa pole mbele, wanamcheka nyuma. Mama ana heshima yake, dada! Miaka yote anawapokea watu mlangoni—

MIKAKO: Heshima ya maiti au ya aliye hai? Mficha maradhi kifo humuumbua. Giza linaingia, kuna mvua, kuna dubu, na mama yako ana viatu vya kitambaa. Napiga kwa simu ya mezani. Usikate.

TSUNEO: Dada! Dada Mika—

MIKAKO: [kwa mbali] Haloo, ofisi? Mikako wa kina Iwase... Mama yangu amepotea mlimani. Ndiyo... Koti la zambarau... Ndiyo, bwana, anasahau. Anasahau sana. Tangazeni sasa hivi. [anakata simu ya mezani] Tsuneo, upo?

TSUNEO: Nipo.

MIKAKO: Unalia?

TSUNEO: Mvua.

MIKAKO: Haya. Wapo watu wa zimamoto wanapanda kutoka huku chini na tochi. Wewe endelea. Unaita?

TSUNEO: Sauti imekauka. Mamaaa! ...Mamaaa! Unasikia? Hakuna. Maji ya kijito tu.

MIKAKO: Sikiliza, wanatangaza.

TSUNEO: Nasikia, sauti inapanda mpaka huku. "Bi Iwase Kiyono... popote ulipo, tafadhali kaa hapo hapo..." [mikwaruzo] Lazima naye anasikia. Mbona haitiki?

MIKAKO: Asubuhi, wakati namfunga viatu... aliniita dada.

TSUNEO: Nani?

MIKAKO: Mama. Aliniambia, "Dada, nifunge haraka, kaka akinikuta nachelewa atanichapa." Nikacheka. Nikafanya kama sikusikia.

TSUNEO: Na hukuniambia!

MIKAKO: Ningekuambia nini? Wewe si ndiye usiyetaka lisemwe? Na mimi nilikuwa naogopa, kama wewe tu. Sasa tulia unisikilize. Huyo unayemwita mama hayupo huko juu. Hata Bi Iwase hayupo, hajaolewa bado. Huko juu kuna mtoto. Mwite kwa jina.

TSUNEO: Jina gani?

MIKAKO: Lake. Kiyono.

TSUNEO: Jina tupu?

MIKAKO: Tupu.

TSUNEO: Siwezi.

MIKAKO: Tsuneo—

TSUNEO: Siwezi, dada! Nimwite mama yangu kama namwita paka? Hata baba hakumwita hivyo mbele za watu! Mzee wa chai yuko hapa ananisaidia kutafuta, anasikia—

MIKAKO: Asikie! Mwambie aite na yeye!

TSUNEO: ...Kiyono.

MIKAKO: Nani atasikia hiyo? Umemnong'oneza nani?

TSUNEO: Kiyono!

MIKAKO: Usimbembeleze. Wewe sauti yako ni ya Mjomba Eikichi mtupu, kila mtu anasema. Ita kama kaka mtu. Mkali!

TSUNEO: Kiyono! We Kiyono! Uko wapi wewe? Rudi nyumbani mara moja!

MIKAKO: Hivyo hivyo!

TSUNEO: Kiyonooo!

MIKAKO: Tena.

TSUNEO: Nyamaza! Nyamaza kidogo...

MIKAKO: Nini?

TSUNEO: Kuna mtu kaitika.

MIKAKO: Kasemaje?

TSUNEO: "Abee." Yuko chini huku, upande wa kijito. Dada, namwona! Zambarau ile, katikati ya mierezi. Amejaza uyoga kwenye pindo la koti.

MIKAKO: Asante Mungu. Asante, asante—

TSUNEO: Yuko kwenye mwamba. Una majani yaliyolowa, unateleza, na chini yake ni korongo. Mama! Usisog— anasogea! Mama, simama!

MIKAKO: Si mama! Jina! Jina!

TSUNEO: Kiyono, simama! Hapo hapo! Ukinyanyua mguu nakuchapa!

MIKAKO: Amesikia?

TSUNEO: Amesimama.

MIKAKO: Shuka. Shuka polepole. Usimwondolee macho.

TSUNEO: Naweka simu mfukoni, usikate... [mikwaruzo] ...tulia hivyo hivyo, Kiyono... nipe mkono... acha uyoga, acha, tutaokota mwingine... huo mguu mwingine... haya... [mikwaruzo]

MIKAKO: Tsuneo? ...Tsuneo! Jamani, sema kitu!

TSUNEO: Nimemshika.

MIKAKO: Mzima?

TSUNEO: Mzima. Amelowa, anatetemeka. Nimemvisha koti langu.

MIKAKO: Mpe simu.

TSUNEO: Hataki. Anaiogopa. Anauliza kama nimekasirika.

MIKAKO: Mwambie hujakasirika.

TSUNEO: Sijakasirika, Kiyono. Hapana. Wala kaka hakuchapi... Dada, ananiangalia usoni, anacheka. Hanijui. Mimi mwanawe wa mwisho, hanijui hata kidogo.

MIKAKO: Anakuamini. Si umeona alivyosimama?

TSUNEO: Nitamshusha vipi na giza hili?

MIKAKO: Kaeni kwenye kibanda cha chai, kwenye moto. Nawaambia watu wa zimamoto waje na machela. Na hapa mlangoni majirani wote wamejaa na miavuli, wanauliza.

TSUNEO: Unawaambiaje?

MIKAKO: Nawaambia ukweli. Yule bibi wa duka la vitana ameshika tochi, amekuwa wa kwanza kufika.

TSUNEO: Dada, betri inakwisha. Anauliza kitu.

MIKAKO: Anauliza nini?

TSUNEO: Anauliza kama mama yake yupo nyumbani. Nimwambieje? Haraka, itazima—

MIKAKO: Mwambie yupo.

TSUNEO: Dada...

MIKAKO: Mwambie mama yupo nyumbani, amepika supu ya figili, amemtandikia karibu na moto. Mwambie hatalala mpaka mwanawe aingie ndani. Umesikia? Tsuneo? ...Tsuneo?