Papa Florent na Motere ya Upepo wa Moto

Tarehe 31 Julai 1983, baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, Papa Florent, fundi wa kwanza wa garaji yetu, atanawa mikono kwa mafuta ya taa kwa mara ya mwisho na kwenda zake. Aliingia kazi muji huu ukiitwa Albertville. Muji ukabadilisha jina, inchi ikabadilisha jina, naye pia akabadilisha lake kwenye karatasi. Salopeti tu, nguo yake ya kazi, ndiyo haikubadilika. Atusamehe kama hapa tunamuita Florent. Jina lile lingine, hata yeye akiitwa nalo, anageuka nyuma kuona ni nani.

Alianza kwa kuosha magari ya kampuni yetu ya maharagwe, akapanda mpaka kuyatibu. Lori likilala njia ya Niemba na maharagwe yetu, alikwenda na kisanduku chake na kurudi nalo, siku nyingine likivuta, siku nyingine likivutwa. Yeye alihesabu zote kuwa ushindi. Na akilala chini ya injini saa za jua kali, alitufundisha kuwaambia wageni kwamba anatafuta mahali mafuta yanapovuja.

Lakini alijulikana zaidi kwa kutahiri. Musishituke, akina mama. Kila gari jipya lilikuja kutoka Ulaya na shofaji tumboni, yaani kisanduku chenye motere ndogo ya kupuliza upepo wa moto ndani ya gari. Upepo wa moto, Kalemie! Papa Florent aliona ni dharau. Siku ile ile ya kwanza aliitoa motere, akaziba tundu kwa kipande cha mpira, na gari likahesabiwa kuwa mwanaume.

Motere zenyewe hazikutupwa. Moja ilipuliza moto wa kuchomea vyuma mpaka ikaungua. Nyingine, ya kamionete, gari ndogo ya mizigo, mpaka leo inapuliza mbabula, jiko la makaa la muke wake, Mama Pélagie, na mboga yao inaiva mbele ya za majirani. Ile ya jeep, nzuri kuliko zote, aliifungia mabawa ya bati na betri ya zamani, ikawa vantilatere, yaani feni, ndani ya biro, ofisi ya Mukubwa. Mukubwa wa zamani akaondoka, vantilatere ikabaki. Mukubwa mupya, Citoyen Kalonda, aliikuta mezani na kuipenda. Alifikiri imetoka Ubelgiji.

Mwezi wa sita Citoyen Kalonda akapanda Pepa, kule juu milimani, kuangalia maharagwe. Baridi ya Pepa wanaijua ng'ombe. Wakati wa kushuka, kioo cha mbele kikajaa ukungu wa pumzi zao wenyewe. Mukubwa akabonyeza shofaji: kimya. Shofere Lambert akawa anapangusa kioo kwa kofia na kuendesha kwa mukono mumoja, mpaka gurudumu la mbele likaonja hewa. Mawe yalianguka, na hawakuyasikia yakifika chini.

Walirudi wazima, Mungu ashukuriwe, lakini Mukubwa alishuka na sauti ya mutoto. Akafungua kapo, boneti ya jeep, akakuta tundu na mpira. "Nani alitoa motere hapa?"

"Mimi njo niliitoa, Citoyen," Papa Florent akasema.

"Iko wapi?"

"Ilikwenda kazi ingine."

Wakauliza bei Lubumbashi kwa phonie, redio ya kuitana. Jibu likaja na mikoromo yake: ulipe motere, ulipe ndege ya kuileta, halafu ulipe fundi wa kuifunga, maana eti lazima dashibodi yote itoke, na fundi yule hali ugali wetu, anakula hoteli. Kitu cha ukubwa wa kikombe kikafika bei ya ng'ombe. Mukubwa akasema itakatwa kwenye dekonti ya Papa Florent, yaani pesa yake ya mwisho ya kustaafu.

Na dekonti ile ilikuwa tayari malata, mabati ya paa. Mama Pélagie ni muzaliwa wa Pepa. Kuta za nyumba yao zimesimama kule, zinangoja paa kabla ya mvua. Ukikata bei ya motere, nusu ya nyumba inabaki inaangalia nyota.

Tukamwambia, "Papa, sema basi!"

"Niseme nini? Muntu anaandika barua ya kunikata pesa, na motere ile ile inamukausha jasho. Nimwambie azime?"

Na kweli, garaji yetu ina sharti toka wakati wa Wabelgiji: kinachoingia biro ya Mukubwa hakiombwi tena.

Lakini Mama Pélagie hakuajiriwa na garaji. Alivaa kitenge cha kanisa, akaingia biro bila kugonga. Sisi tulikuwa dirishani, tunaosha vioo vilivyokuwa safi.

"Jambo, Papa Mukubwa. Nimekuja kuona malata yangu."

"Malata gani, Mama? Hapa ni biro."

"Yale yanayozunguka mezani kwako. Ndugu ya motere hiyo iko kwangu, inapuliza mbabula."

Citoyen Kalonda akaigeuza vantilatere, akaitazama mugongo, akaona motere ina jina la jeep yake. Akaizima kwa kidole. Joto likaingia biro kama shemeji asiyealikwa. Abacost yake, koti la wakubwa, ikaanza kulowana, halafu tumbo likaanza kutikisika: alikuwa anacheka! "Kumbe nilipanda Pepa nikaacha joto langu mezani!" Tukacheka naye mpaka tukasahau kujificha.

Kazi ya mwisho ya Papa Florent ilikuwa kuifunga motere ile kwa bulo, yaani bolti, za kukazwa kwa vidole. Mukubwa akipanda milima, inatoka mezani na kuingia jeep. Akirudi, nayo inarudi mezani. Inasafiri naye kama kofia. Dashibodi haikuguswa. Lubumbashi wameambiwa wabaki na motere yao na fundi wao wa hoteli. Dekonti imetoka nzima, malata yamefungwa juu ya lori, na tangu jana kila muntu hapa anapumua vizuri.

Papa Florent, aksanti kwa magari yote uliyoyarudisha, hata yale ya kuvutwa. Sasa unakwenda kukaa Pepa, wewe uliyeyanyima magari ya Kalemie joto lao. Mungu ana kumbukumbu. Tumekuchangia koti la sufu. Livae hata kanisani. Uishi miaka mingi na Mama Pélagie chini ya paa zima, na mbabula yenu isizimike. Na baridi ikikuuma, usitupigie phonie kuomba shofaji. Bei yake unaijua.