Picha ya Pili ya Tumbo

— Bisheni sasa hivi, maana nikimaliza hamtakuwa na mdomo wa kubishia! Daktari mzima nimemweka kona, kabaki anafuta miwani!

Huyo ni Bingwa, fundi wa visikizi vya simu, vile vya kuvaa masikioni, aliyeacha shule mapema kwa madai kwamba walimu walikuwa wanamchelewesha. Alikaa ncha ya benchi, mguu juu ya mguu, kahawa mkononi. Kijiwe kizima kilikuwa na habari: asubuhi ile mpwa wake, binti wa miaka mitatu, alimeza sumaku kwenye kibanda chake cha ufundi, na hospitali wakampiga picha, wakampa dawa ya usingizi, wakampitisha mpira wenye kamera kooni, wakaitoa.

— Mtoto kazinduka, daktari ananiambia, "Mjomba, apigwe picha nyingine kabla hamjaondoka." Picha ya nini, na sumaku iko kwenye kibakuli inanitazama? Nikambeba mwanangu, huyooo!

— Umefanya la maana, alisema Kipara, kinyozi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa kinachouma ni tumbo, guu walipige picha ya nini?

Dereva wa teksi akadakia:

— Nyie hamjui. Wanatafuta vitu vyao! Daktari anakagua kama hajasahau saa yake mle ndani.

— Saa ipite kwenye koo la mtoto? Bingwa akauliza.

— Ndiyo maana wanavaa ndogo!

— Acheni utoto, Kipara akasema. Sumaku ikitoka, nguvu zake zinabaki. Mtoto akikatiza jikoni, vijiko vinamfuata. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyo amelelewa na chuma, atakuwa chuma tu.

Benchi likaangua kicheko, Bingwa akiwa mbele yao wote. Mshonaji, mama mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, hata kikombe hajapewa, akauliza:

— Samahanini. Kwani alimeza ngapi?

— Moja, mama. Si imetolewa?

— Ulimwona akimeza?

Kipara akamtazama Dereva. Dereva akatazama kahawa yake. Bingwa alishusha mguu.

— Kuna kipande nimekiruka, akasema. Visikizi vina pande mbili, kila upande na sumaku yake. Mimi nilifungua zote mbili. Sumaku ya pili nimeitafuta chini ya meza mpaka magoti yamechubuka. Daktari nilimwambia moja.

— Na yeye alisemaje?

— Kwamba zikiwa mbili huweza kushikana, picha ikaonyesha kama moja. Na zikiubana utumbo katikati, zinautoboa.

— Mtoto yuko wapi?

— Kwa mama yake. Nimemwacha amekataa kula.

Dereva alikuwa ameshasimama, funguo mkononi, kahawa ameimwaga.

— Twende! Dada yako tumpigie simu njiani, atangulie naye hospitali?

Bingwa alikuwa anakimbia, kandambili moja imebaki nyuma.

— Mpigie wewe. Mimi nimemwambia picha ya pili ilipigwa, ikatoka safi.