Mama Folio na Karatasi Namba 14

Ifikapo tarehe 30 Juni, karani mkuu wa masjala ya ofisi yetu ya mashtaka atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Wote tunamwita Mama Folio. Hata mkurugenzi, akijisahau kikaoni, humwita hivyohivyo. Nimeombwa niandike mimi, mwendesha mashtaka niliyewahi kumnunia miezi minane mfululizo. Nadhani aliyenichagua alikuwa na lake jambo.

Alianza kazi akiwa binti wa kupiga chapa, enzi mashine zikiwa na kelele kuliko mawakili. Baada ya miaka mitatu akahamishiwa masjala, chumba chenye dirisha moja na rafu zinazogusa dari, na huko ndiko alikoota mizizi. Kila karatasi inayoingia kwenye jalada huipa namba kwa kalamu nyekundu, kona ya juu kulia, kisha huiandika kwenye orodha. Namba hiyo ndiyo folio. Kuazima jalada bila kusaini daftari lake, thubutu! Mkurugenzi mmoja aliitwa arudi akiwa ameshafika kwenye ngazi, akasaini huku makarani wakijifanya wanatafuta kitu chini ya meza. Mumewe, fundi saa, anaapa kwamba hata ripoti za shule za watoto zilipewa namba nyumbani, na kitinda mimba wao alinaswa kwa kuficha moja kwa sababu baada ya namba sita ilifuata nane.

Na mimi nilinaswa vivyo hivyo.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa na kesi ya kuchomwa kwa duka la vitambaa. Mshtakiwa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma aliyegombana na mwenye duka, mama mmoja mjane. Nilikuwa na uhakika kupita kiasi kwamba ni yeye. Lakini folio namba 14 ilikuwa maelezo ya mlinzi wa ghala, aliyesema kwamba muda ule wa moto alimwona fundi huyo akichomelea geti upande wa pili wa mji. Nikajiambia mlinzi ni mlevi tu, hana maana. Nikaichomoa karatasi, nikaitia kwenye droo, ikakaa humo miezi kumi na minne, na fundi naye akakaa mahabusu.

Ulipofika wakati wa kuupa utetezi nakala, nilimwomba Mama Folio apange namba upya. Akaniuliza namba 14 iko wapi, nami kwa ujinga wangu nikamwambia. Akanitazama juu ya miwani, akasema kalamu yake haijui kurudi nyuma. Orodha iliyokwenda kwa wakili wa utetezi iliandikwa hivi: folio 14, maelezo ya mlinzi, ipo droo ya pili, meza ya mwendesha mashtaka. Wakili aliisoma kwa sauti mahakamani. Jamani, walicheka hadi askari wa mlangoni.

Nilijitetea kwamba kosa ni dogo: wapewe karatasi, waongezewe wiki moja, kesi iendelee. Hakimu akauliza mlinzi yuko wapi. Alikuwa amefariki miezi minne kabla. Basi, akasema hakimu, hakuna wiki itakayomrudisha kizimbani kutoa ushahidi. Akaifuta kesi hapohapo. Fundi alilia. Mjane naye alilia kwenye korido, akiuliza ni nani sasa aliyemchomea duka. Mimi nilijifungia ofisini. Mama Folio ndiye aliyempelekea kiti na chai, akakaa naye mpaka alipotulia.

Nilimfokea Mama Folio kwamba amemwachia mhalifu. Akajibu taratibu kwamba hakumwachia mtu. Ameandika kilichomo jaladani. Imenichukua miaka kukubali. Mpaka leo sijui nani alichoma lile duka, na mjane hajui, na linaniuma. Ningeitoa karatasi mapema, mlinzi angesimama, tungemhoji, na ukweli ungejulikana. Aliyeiua kesi ile ni mimi.

Siku hizi orodha yake huenda kwa utetezi tangu mwanzo wa kesi, na makarani kumi na tisa aliowafundisha hawaruki namba.

Wiki iliyopita nilifungua jalada lake la utumishi kutafuta tarehe za wasifu huu. Majalada yetu sote hutunzwa masjala, mikononi mwake. Nikakutana na barua yangu ya siri kwa mkurugenzi, ya mwaka ule, nikimwita msaliti na kutaka afukuzwe kazi. Angeweza kuichana siku yoyote, na asingejua mtu. Ilikuwa mahali pake, kona ya juu kulia, kwa wino mwekundu na mwandiko wake mwenyewe: folio 22.

Mama, nisamehe. Na asante, kwa niaba ya ofisi nzima na kwa niaba yangu hasa. Nenda ukapumzike na fundi saa wako, Mungu akujalie afya na siku zako ziwe njema. Ila kabla hujakabidhi kalamu, wasifu huu nao uupe namba. Ile barua iache palepale ilipo.