Siku Kagunga Ilipozima Simu

Mwakeye, ndugu zangu. Shikamooni wazee wetu, na amahoro, yaani amani, kwa mama zangu wa Kagunga mliopanda boti alfajiri mkaja mpaka hapa Katubuka. Mwenyekiti wa sherehe hii ya vikundi vyetu amenipa nafasi niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka, na amenionya nisirefushe maneno kwa sababu pilau limeshaiva. Basi naanza kwa kuungama. Wale mliowahi kusikia habari ya siku Kagunga ilipozima simu, mkadhani mnara umeharibika, mnara haukuwa na kosa. Ni mimi.

Chekeni tu. Leo hata mimi nacheka.

Mimi ni mtoto wa Rusimbi, hapa hapa mjini. Nilikwenda Dar kusomea kutengeneza tovuti, nikarudi na laptopu moja na maringo ya kutosha. Kazi sikupata. Mama yangu aliwatangazia majirani kwamba binti yake ni fundi wa mambo ya mtandao, na majirani wakaniletea redio zao nizitengeneze. Nilikaa hivyo karibu mwaka mzima. Ndipo kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa kijijini Kagunga, kando ya ziwa, kikaniita. Walitaka ukurasa ambao kila mama ataandika ana dagaa kiasi gani, ili wanunuzi wa mjini waone na wampigie kabla ya kupanda boti. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Nikajiambia, hii ikienda vizuri nabaki nyumbani, ikiharibika narudi Dar kuuza dukani kwa mtu.

Nikaitengeneza kwa mbwembwe. Picha ya ziwa inacheza juu ya ukurasa, majina yanaingia yakiteleza kutoka pembeni. Ukiifungua kwenye simu inajipunguza, kwenye kompyuta inajitanua. Niliijaribu kwenye simu yangu mpya na laptopu yangu, zote mbili juu ya meza yangu Rusimbi. Kagunga sikukanyaga. Viongozi wa kikundi walikuja mjini, nikawaonyesha ukutani kwa projekta, wakapiga vigelegele. Rafiki yangu niliyesoma naye aliniuliza kama nimeijaribu kwenye simu za wenyewe. Nilimjibu kwamba anayetaka vitu vya kisasa anunue simu ya kisasa. Mungu anisamehe.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Kila simu janja ina kivinjari, yaani ile programu inayofungua kurasa za mtandao. Kivinjari cha miaka mingi hakielewi mitindo mipya ya kuandika kurasa, na ukiiambia simu ipakue kingine inakujibu haina nafasi. Nililijua hilo. Badala ya kulishughulikia, nikaandika onyo kwa herufi nyekundu, limtokee kila mwenye kivinjari cha zamani: "Kifaa chako kimepitwa na wakati. Hakiruhusiwi kuendelea." Na nikajiona muungwana, maana nimemwambia mtu shida yake iko wapi.

Mbalamwezi ikaisha, giza la kuvulia dagaa likarudi, wavuvi wakaingia ziwani. Asubuhi dagaa wakashuka wengi, chanja za kuanikia zikajaa, na kila mama akatoa simu aandike kiasi chake. Akakutana na maandishi mekundu. Siku zile, mtakumbuka, kila mtu alikuwa na hofu ya laini yake kufungiwa. Mama wa kwanza akasoma "hakiruhusiwi," akaona tayari anafungiwa, akazima simu, akachomoa laini na kuifunga kwenye pindo la kanga. Akamwonya jirani. Jirani akamwonya wifi yake. Kufika adhuhuri ufukwe mzima umezima simu, watu wanasubiri hatari ipite.

Wanunuzi wakapiga, hawapatikani. Wakaelekea vijiji vingine. Siku ya tatu mvua ikawakuta dagaa waliokosa mnunuzi, na wengi wakaharibika.

Habari ziliponifikia nilikaa chini nikalia. Na nawaambia ukweli kwa sababu tumekuja hapa kusema ukweli: sikuwalilia akina mama. Nililia kwa ajili ya jina langu. Nikafunga begi niondoke. Mama yangu akasimama mlangoni, akasema Dar nitakwenda, hanizuii, lakini kwanza niende Kagunga nikawape pole watu niliowaharibia.

Nikapanda boti pale Kibirizi, nimejifunika kanga kama mgonjwa wa malaria. Nilitegemea kutukanwa. Hawakunitukana, walinisogezea ungo nichambue nao dagaa walionusurika, na hilo liliniuma kuliko tusi. Tukiwa tunachambua nikamwomba msamaha katibu wao, mama mmoja mpole. Lakini ulimi wangu bado ulikuwa na kiburi. Nikamwambia samahani mama, ila shida ni hizi simu zenu za zamani.

Akatoa simu yake. Kioo kimepasuka kona mbili, mgongo umefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Akaniangalia bila hasira.

"Hii siyo ya zamani, mwanangu. Leo asubuhi nimeongea nayo na mjukuu wangu. Ya zamani ni ile iliyokufa, ipo ndani kwenye sanduku."

Ndugu zangu, nikaweka ungo chini. Nilikuwa nimewatengenezea mlango watu hawa, kisha nikawaambia hawana miguu ya kisasa ya kuingilia. Niliona aibu, safari hii aibu ya kweli. Nikawaomba waniazime simu zao kwa wiki moja. Wakanipa saba, ya katibu ikiwamo. Kuchomoa laini walishazoea, hawakuchukua muda.

Nilirudi Rusimbi na simu saba ndani ya kikapu cha dagaa. Hadi leo meza yangu inanukia Kagunga. Nikafuta onyo jekundu kabla ya kitu kingine chochote. Kisha nikaanza na ugali, mboga baadaye. Ugali wenyewe ni jina la mama, kiasi cha dagaa alichonacho, na namba yake ya simu. Hivyo lazima vifunguke kwenye kila simu. Vilipofunguka, ndipo nikaongeza mapambo, ziwa linalocheza na majina yanayoteleza, kwa simu zinazoweza kuyabeba. Isiyoweza itakosa mapambo lakini haitakosa dagaa. Simu sita zikakubali. Ile ya mpira ikagoma siku nne, maneno yanapandana kama watoto kitandani. Siku ya tano yakatulia. Nilimwita mama yangu, akasoma jina la mwenye simu, akacheza mpaka kilemba kikadondoka.

Giza la mwezi lililofuata nilikuwa Kagunga, nimesimama kati ya chanja. Katibu akafungua simu yake. Akasoma jina lake kwa sauti, akalisoma tena. Kabla hajaiweka chini ikaita, mnunuzi wa Ujiji anauliza dagaa. Mama akanisogezea simu, eti niongee mimi. Nikamwambia aongee mwenyewe, dagaa ni wake. Jioni hiyo boti iliondoka imejaa, na begi langu nililifungua niliporudi nyumbani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu kwa kusimama mlangoni. Nawashukuru mama zangu wa Kagunga, mlionipa ungo mahali pa fimbo. Na hii hapa mkononi ndiyo ile simu ya mpira. Katibu amepata nyingine, akanizawadia hii, na hakuna kazi inayotoka kwangu bila hii kuipitisha. Nilichojifunza ni kwamba kumhudumia mtu ni kuanza na alichonacho, siyo na ulichonacho wewe.

Nimeambiwa vikundi vitatu humu ndani vinataka tovuti. Nimefurahi, tutaongea tukila. Ila nina sharti moja. Mwenye simu mbovu kuliko wote ukumbini ainue mkono, asione haya, aje akae hapa mbele karibu na mimi. Tunaanza na ya kwako.